Fundi Aliyefukia Mkaa na Chumvi

Kwa miaka mingi Bi Sabiha wa Usagara, hapa Tanga mjini, aliishi na friji linalotekenya, na alilitetea kama mke anavyomtetea mume mkorofi mbele ya wageni. "Halipigi," alikuwa akisema. "Linatekenya tu. Na linatekenya wasio na adabu." Adabu yenyewe ilikuwa ndara. Mbele ya friji zilikaa ndara za mpira, moja ya bluu na nyingine ya kijani, na sharti la nyumba lilikuwa kwamba mkono haugusi mlango wa friji kabla miguu haijaingia mle. Waliokuja kununua barafu za ukwaju walizoea kumsikia akifoka toka uani: "Nani huyo peku?"

Plagi ya friji hilo ilikuwa na miguu miwili, na soketi ya ukutani ina matundu matatu. Bi Sabiha hakuona tabu. Alipenyeza njiti ya kibiriti kwenye tundu la juu, vifuniko vya ndani vikafunguka, akasukuma plagi yake ikakaa. Lile tundu la juu lina kazi gani, hakuwahi kujiuliza, na nusu ya mji haijajiuliza mpaka leo. Ndilo njia ya kuushusha ardhini umeme uliokwenda usikotakiwa. Yeye alilijua kama mahali pa kutia njiti.

Alizaliwa Tongoni, akaolewa mjini na Hatibu, mpakia mizigo wa bandarini, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti. Watoto wao wawili wa mwanzo walikufa wachanga, mmoja baada ya mwingine. Wanawake wa wakati ule hawakumwambia aende hospitali, walimwambia nyumba yake imefukiwa kitu. Basi Sabiha, hata arobaini yake haijaisha, alishika jembe akachimba uwanja mzima kuanzia ukutani mpaka mpakani, huku Hatibu amekaa kizingitini anamtazama na machozi yanamtoka. Hakukuta kitu ila vigae na mfupa wa mbuzi. Baadaye alizaliwa Nasri, akaishi, na watu wakasema, unaona, ulikuwa ule mfupa. Toka siku hizo Bi Sabiha hawezi kuona udongo mbichi karibu na ukuta bila moyo kumwenda mbio. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele kuna jambo litakalomchekesha msomaji, nami sipendi mama huyu achekwe na mtu asiyejua alikotoka.

Friji lilinunuliwa na Hatibu, la mtumba, likaletwa kwa mkokoteni na mtaa mzima ukasindikiza. Hatibu alipofariki, barafu za friji hilo ndizo zilizomsomesha Nasri mpaka akapata leseni ya kuendesha malori. Kila fundi aliyetaka kulifungua alijibiwa jibu moja: "Hilo la marehemu. Mkilitia mkono litamfuata." Mafundi wakamwacha na ndara zake.

Nasri akaoa. Mke alikuwa Hafsa, binti wa Mwera huko Pangani, mtulivu, mwenye maneno machache kuliko inavyofaa kwa mtu anayeishi na mama mkwe. Watu wa mjini wana masihara yao ya siku nyingi kuhusu Pangani, kwamba kule kila mtu anajua dawa, na siku ya harusi shoga yake Bi Sabiha, jirani aitwaye Asmahani, alimnong'oneza, "Chunga chakula chako, shoga." Walicheka wote wawili mpaka wakafutana machozi. Masihara hayana ubaya mpaka siku yanapotafutiwa ushahidi.

Hafsa alimfulia mama mkwe wake bila kuambiwa, akamkandia ukwaju, akamkanda miguu. Bi Sabiha naye alimpenda kwa namna wanayopenda wakwe wengi, yaani kwa kumkosoa. Chumvi imezidi, ufagio unashikwa hivi, mwali gani huyu asiyejua kukoroga ubuyu. Hafsa alijibu "Ndiyo mama," akaendelea.

Ndipo dada yake Bi Sabiha akaugua huko Tongoni, na yeye akaenda kumuuguza. Alipokuwa hayupo, Hafsa alitoka kudeki, miguu ina maji, akasahau ndara, akashika mlango wa friji. Halikumtekenya. Lilimsukuma mpaka akagonga meza, na mkono ukabaki na ganzi hadi jioni. Akampigia simu mumewe aliyekuwa safarini na lori. Nasri akasema, "Mwite Mathew, alirekebishe kabla mama hajarudi." Mathew ni fundi umeme wa hapo Usagara, kijana msemaji sana anapokuwa juu ya ngazi na mwenye haraka sana anapokuwa chini. Alikata plagi ya miguu miwili akatia ya miguu mitatu. Akavuta waya wa kijani wenye mstari wa njano mpaka nje, nyuma ya nyumba. Akachimba shimo kwenye kona, akapigilia fimbo ya shaba, akaizungushia mkaa na chumvi ya mawe, akamwagia maji, akafukia. Alimwambia Hafsa atarudi kulifungua friji lenyewe, kisha akapata kazi Handeni, akaenda.

Bi Sabiha alirudi na kitu cha kwanza alichokiona ni udongo mbichi.

Aliweka kikapu chini, akachutama, akaparua kwa vidole. Ukatoka mkaa. Ikatoka chumvi. Chini yake kikang'ara kichwa cha shaba. Mtu yeyote aliyekulia mwambao huu anajua kwamba nyumba huzindikwa kwa dawa kwenye kona, na vitu vyenyewe ndivyo hivyo hivyo.

"Hafsa!"

"Labeka, mama. Shikamoo. Umefika salama? Khaloo wa Tongoni anaendeleaje?"

"Hapa nani kafukia?"

Hafsa alitabasamu. Alikuwa amengoja kumfurahisha. "Fundi, mama. Nilimwita mimi."

"Fundi." Bi Sabiha alilirudia neno taratibu. Kwetu fundi ni wa umeme na wa cherehani, lakini fundi ni wa pepo pia, na wa kutega na kutegua, na kwa umri wa Bi Sabiha huyo ndiye fundi anayemjia mtu kichwani akiona mkaa na chumvi. "Na huyo fundi wako kasemaje?"

Hafsa, maskini, alijibu kama alivyofundishwa. "Kasema sasa baya lolote lililomo humu ndani litakwenda ardhini."

Ndani ya nyumba ile waliishi watu watatu. Nasri alikuwa safarini. Hafsa ndiye aliyemwita fundi. Bi Sabiha alipiga hesabu hiyo pale pale na akaona anayetakiwa kwenda ardhini amebaki mmoja tu.

Hafsa alipoingia kuchemsha chai, mama alichukua jembe. Alichimba huku anasoma Ayatul Kursiyu, akaing'oa fimbo, akaifunga kwenye kitambaa akaificha chini ya kitanda iwe ushahidi. Mkaa na chumvi akaenda kuvimwaga mbali. Ule waya wa kijani aliukata kwa kisu, na kwa kuwa yeye ni mtu wa usafi, asiyependa kitu kiburuzike chini watu wajikwae, aliuchubua mwisho wake akaufungia vizuri kwenye waya wa kuanikia nguo.

Jioni friji likamuuma, ndara zake akiwa nazo mguuni, maana bega lake liligusa ukuta mbichi. Kesho yake pasi ikamuuma Hafsa. Birika la umeme, ambalo toka linunuliwe halijamdhuru mtu, nalo likauma. Bi Sabiha alifahamu. Kago, ile dawa iliyofukiwa, limeng'olewa na majini waliofungwa wametoka, wametapakaa nyumba nzima. Lililokuwa kwenye friji peke yake sasa liko kila mahali.

"Mama, ni erthi," Hafsa alimwambia, machozi yanamlengalenga. "Ni mambo ya umeme. Fundi Mathew ndiye aliyeiweka. Rudisha ile shaba, mama, tafadhali."

"Mathew Mkristo, anajulia wapi mambo ya chumvi na mkaa? Umemfundisha wewe! Umeme unakula chumvi? Nambie! Umeme unakula chumvi?"

Hafsa hakujua kama umeme unakula chumvi. Simu ya Mathew ilikuwa haipatikani. Nasri alipiga akasema, "Mama, nilimruhusu mimi," na mama akajibu, "Najua mwanangu, ushalishwa." Ukiwa ndani ya woga wa namna hiyo, kila anayekutoa anakuzamisha.

Laiti yangeishia ndani. Lakini Bi Sabiha alimweleza Asmahani, na Asmahani akapiga yowe la chini chini, "Si nilikwambia? Siku ya harusi, si nilikwambia?" Kisha mama akaeleza dukani. Akaeleza kwenye hitima. Akaeleza kwa mama wa maandazi, kwa msusi, kwa jirani wa nyuma. Hakuwa anaeneza fitina, alikuwa anaogopa, na mwenye kuogopa hutafuta wa kuogopa naye. Lakini Hafsa alipopita na kapu lake, watu walinyamaza, na mama mmoja alimvuta mwanawe ndani. Binti wa watu alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha moto.

Ikafika siku Bi Sabiha akatamka: "Mwanangu, mimi sitaki ugomvi. Nenda kwenu Mwera ukapumzike. Nasri atakufuata kuzungumza na wazee." Kila mtu anajua maana ya kupumzika huko.

Asubuhi ya kuondoka, Hafsa alifunga begi lake akaliweka mlangoni, kisha akafua. Alifua khanga za mama mkwe, mashuka yake, mtandio wake wa kuswalia. Alisema moyoni hataki mtu aseme kaondoka kaacha nguo chafu. Viatu vyake vilishafungwa begini. Alisimama peku kwenye tope la maji ya kufulia, akanyanyua shuka bichi, akalitupia kwenye waya, akaushika waya kwa mkono alivute.

Hakupiga kelele. Bi Sabiha alikuwa dirishani akamwona amekakamaa, mkono juu, kidevu kimeinuka, waya unatikisika na hauachii. Alikurupuka kumkimbilia. Akafika mlangoni akasimama, kwa kuwa hata mtu asiyejua lile tundu la juu anajua kwamba aliyeshikwa na umeme hashikwi. "Meinswichi!" alipiga ukelele, ingawa hapakuwa na wa kumwambia, akageuka mwenyewe, akarukia kiti, akaivuta chini kwa mikono miwili.

Nje, Hafsa alianguka.

Bi Sabiha alimpakata topeni, akampuliza usoni, akamwita jina. Binti alivuta pumzi. Kiganja chake kilikuwa na mstari mweusi ulioungua. Na pale pale, amepakata kichwa cha mkwe wake, likamjia wazo moja, likamtia baridi kuliko woga wote wa siku zile. Jini gani hili linalotii swichi?

Majirani walijaa. Wakampeleka Hafsa hospitali, daktari akamsikiliza moyo, akamfunga kiganja, akasema wamshukuru Mungu. Waliporudi alasiri, Nasri alikuwa amefika kutoka safarini, na kwenye lori lake amempakia Mathew aliyemkuta njiani akitoka Handeni. Nusu ya mtaa ilikuwa uani. Asmahani alikuwa mbele.

Mathew alizunguka na testa yake. Alipima friji, akapima pasi, akaufuata waya wa kijani mpaka nje. Alipoona ulikofungwa, alishika kichwa.

"Friji hili linavuja, mama," alisema. "Umeme unavuja kwenye bati lake toka zamani. Nilipoweka fimbo, ukawa unashuka chini na mtu hausikii. Chumvi na mkaa ni kwa sababu udongo wetu ni wa mchanga, ukikauka haupokei. Fimbo ikiondoka, umeme hauna pa kwenda. Soketi zote humu zinatumia waya huu mmoja, ndiyo maana kila chombo kikawa kinauma. Na mimi nina kosa. Friji lilitakiwa lizibwe uvujaji kwanza, na mwenye nyumba aelezwe. Niliondoka haraka." Kisha akainua mwisho wa waya, wenye fundo zuri lililobanwa kwa uangalifu. "Lakini hii! Nani kaufunga huu kwenye waya wa nguo? Maana hapa mtu alikuwa anakufa."

Wote walikuwa wanamsubiri mtu ajitaje, na Bi Sabiha, aliyesema kila kitu kwa kila mtu, alikosa hata herufi moja.

"Nilifunga mimi," alisema Hafsa. Alikuwa amekaa mkekani, mkono umefungwa bandeji. "Nilidhani ni kamba tu."

Nasri alimgeukia mkewe kwa mshangao. Asmahani akatikisa kichwa kwa wale waliokuwa nyuma yake, kama kusema, mnasikia kwa masikio yenu.

"Muongo huyu," alisema Bi Sabiha.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Muongo. Fimbo niliing'oa mimi, waya nikaukata mimi, nikaufunga mimi. Fimbo iko chini ya kitanda changu, nendeni mkaitazame." Akamgeukia Hafsa. "Kwa nini umenibebea? Mie niliyekufukuza?"

"Watu wengi, mama," Hafsa alisema taratibu. "Sikutaka wakucheke."

Bi Sabiha alikaa chini, pale pale kwenye udongo uliokuwa bado na maji ya kufulia, akalia bila kujifunika uso. "Niwie radhi, mwanangu. Niwie radhi."

"Nimekuwia, mama. Wallahi nimekuwia." Hafsa alilitazama begi lake lililobaki mlangoni. "Lakini kwetu nitakwenda. Humu ndani sasa mnanijua. Huko nje mimi ni mchawi. Nitaishi vipi mahali watu wanawaficha watoto nikipita?"

Nasri alifungua mdomo, mama yake akamwinulia mkono. Aliyewatia watu maneno hayo masikioni ni yeye, na fundi Mathew hana kifaa cha kuyatoa.

Siku ya pili, baada ya alasiri, Bi Sabiha alivaa buibui lake la heshima, akamshika Hafsa mkono mzima, akatoka naye. Walianzia dukani. "Nilisema mkwe wangu kafukia uchawi," aliwaambia waliokuwa wakinunua. "Nilikosea. Ilikuwa kinga ya umeme, na aliyetaka kuua mtu kwa ujinga ni mimi." Mwenye duka alishusha macho akasema hamna neno, mama. Wakaenda kwa mama wa maandazi, naye alimkumbatia Hafsa kwa nguvu mno, kama watu wenye haya wafanyavyo. Msusi aliuliza maswali mengi kuhusu ile shaba. Yule mama aliyemvuta mwanawe ndani aliitikia salamu kwa dirisha, mlango hakufungua. Bi Sabiha alisema maneno yake kwa dirisha vilevile, yote, bila kupunguza. Akaukaza mkono wa Hafsa ndani ya mkono wake.

Barazani kwa Asmahani walikuwa wamekaa wanawake wanasuka ukili. Bi Sabiha alisimama mbele yao akasema tena. Kufikia hapo sauti ilishamkauka, lakini hakuna alichokiacha.

Asmahani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka ukili wake pembeni, akamtazama kwa huruma ya kweli, maana naye si mbaya, ni mtu aliyeamini.

"Pole, shoga yangu," alisema. "Kumbe kakuweza mpaka hapo. Mtu mzima na akili zako, kakuloga mpaka unamtembeza mtaani unamsafisha?"

Wanawake wakainama kwenye ukili wao. Hafsa alijaribu kuuchomoa mkono wake ili aondoke, na Bi Sabiha hakuuachia.

"Asmahani," alisema, "jana mtoto huyu alishikwa na umeme nilioutega kwa mkono wangu, na alipopata pumzi, pumzi ya kwanza aliyoitumia mbele zenu ilikuwa ya kunisitiri mimi. Kama huko ndiko kulogwa, basi nimelogwa, na wala sitafuti wa kuniagua."